Lango, Gini na Moshi: Kutembelea Bustani ya Mimea katika Uingereza ya Karne ya 18

Mabibi na mabwana, nimeombwa kuzungumzia bustani za mimea za umma za Uingereza katika karne ya 18. Naanza kwa kugombana na neno moja, "umma". Mkiliacha lipite hivihivi mtajenga picha ya lango lililo wazi, kibanda cha tiketi na watoto wakikimbizana kwenye majani. Hakukuwa na kitu hicho. Bustani iliitwa ya umma kwa kuwa haikuwa ya bwana mmoja mwenye kasri lake. Ilikuwa ya chuo kikuu, au ya chama cha watu wa kazi fulani, na moja ilikuwa ya mfalme mwenyewe, aliyekubali kufungua siku maalumu. Mlangoni hukuulizwa utalipa nini. Uliulizwa, kwa maneno au kwa jicho tu: wewe nani, na humu ndani unatafuta nini? Katika bustani nitakazozitaja leo, ni moja tu iliyoliondoa swali hilo ikaweka bei mahali pake, na hiyo ndiyo iliyohangaika kuliko zote.

Twendeni Chelsea kwanza, kwa sababu hapo ndipo kazi yenyewe inaonekana vizuri.

Chelsea ya wakati huo ni kijiji kando ya mto Thames, magharibi ya London. Chama cha Watengeneza Dawa kilikodi ardhi hapo mwaka 1673, ekari tatu na nusu hivi, na moja ya sababu za kupachagua haikuwa mimea kabisa: walihitaji mahali pa kuweka mashua yao ya sherehe. Hilo peke yake linakuonyesha njia ya kufika. Nchi kavu palikuwa na kikwazo, maana King's Road ilikuwa barabara binafsi ya mfalme, na hadi mwaka 1830 hukupita humo bila kibali. Basi watu walikwenda kwa maji. Mtu wa pwani ataelewa haraka kuliko Mwingereza wa leo: Thames hapo hujaa na kupwa. Ukiondoka Blackfriars, lilipo jumba la Chama, unangoja maji yaanze kujaa, mkondo ukusukume kwenda juu, unatembea bustanini, maji yakianza kupwa unarudi nayo. Ukikosea saa, mpiga makasia anapigana na mkondo njia nzima na wewe unafika jua limeshaelemea magharibi. Ukuta mkubwa wa kuzuia mto ulijengwa miaka ya 1870, kwa hiyo katika karne tunayoizungumzia mashua ilikuteremsha bustanini penyewe. Cha kwanza kuonekana kutoka majini kilikuwa mierezi ya Lebanoni. Ilipandwa minne mwaka 1683. Miwili ikakatwa mwaka 1771.

Sasa, kabla hatujaingia, kuna karatasi moja ya kisheria ambayo ukiielewa umeielewa bustani nzima. Daktari Hans Sloane aliinunua milki ya Chelsea mwaka 1712, akawa ndiye mwenye ardhi. Mwaka 1722 aliwaandikia Watengeneza Dawa hati: kaeni hapa milele kwa kodi ya pauni 5 kwa mwaka. Lakini kila mwaka mtapeleka Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, mimea 50 iliyokua katika bustani hii, imekaushwa vizuri na kubandikwa kwenye karatasi, na hakuna mmea utakaorudiwa hadi ifike 2,000. Wakishindwa, bustani inawatoka mikononi.

Pigeni hesabu. Hamsini kwa mwaka, bila kurudia, miaka 40. Mtunza bustani hawezi kukaa na mimea yake ileile ya jana. Lazima aombe mbegu Leiden, aombe Paris, aombe kwa manahodha na kwa marafiki walioko Amerika, na ili apewe lazima naye atoe. Chama kilitaka mimea ya dawa tu. Hati ya Sloane iliwalazimisha kuwa na mimea ya dunia nzima. Mimi huiona kama moja ya hati za kodi zilizoandikwa kwa akili nyingi kuliko zote ninazozijua. Mtu aliyepewa mzigo huo alikuwa Philip Miller, na aliubeba kuanzia mwaka huohuo wa 1722 hadi 1770.

Ni nani basi aliyeingia? Wa kwanza ni wanagenzi wa Chama, vijana wanaojifunza kazi ya kutengeneza dawa. Kwao bustani ilikuwa darasa. Isaac Rand, aliyeteuliwa kuwa msimamizi mwaka 1724, alitakiwa kufundisha bustanini angalau mara mbili katika kila mwezi wa miezi sita ya kiangazi. Darasa lenyewe halikuwa la kukaa. Mnatembea kutoka tuta hadi tuta, mwalimu anataja jina, anataja sehemu inayotumika, iwe mzizi, gamba, jani au mbegu, na mwanagenzi anatazama, ananusa, anavunja bua aone utomvu.

Kwa nini wahangaike hivyo wakati vitabu vya mitishamba vilikuwepo? Kwa sababu mwenye duka la dawa hununua mzigo kutoka kwa mchuma majani wa sokoni, na mchuma majani huyo anaweza kukosea au kudanganya. Chukueni hemloki. Jani lake ni kama la kotimiri, limechanika vilevile, na ni sumu inayoua. Mchoro wa kitabu haukuokoi. Kinachokuokoa ni kuishika: bua halina vinyweleo, lina madoa ya zambarau, na ukilisugua jani unasikia harufu kama ya mkojo wa panya. Harufu hiyo haiandikiki. Ukishainusa mara moja bustanini, hutauza hemloki kwa jina la kotimiri.

Wa pili ni wasomi na wageni wenye barua ya utambulisho. Barua ndiyo iliyokuwa tiketi. Carl Linnaeus, mtaalamu wa mimea kutoka Sweden, alifika Chelsea mwaka 1736 akiwa hajatimiza miaka 30, na yeye mwenyewe alisimulia baadaye kwamba mwanzo hawakupatana na Miller. Miller alikuwa akimtajia mimea kwa majina marefu ya mtindo wa zamani, mgeni akanyamaza, na Miller akahitimisha kwamba kijana huyu hajui hata mmea mmoja. Ili muone tatizo: mmea mmoja wa jamii ya mnavu uliandikwa kwa Kilatini kwa maneno yenye maana ya "Physalis wa mwaka mmoja, mwenye matawi mengi mno, matawi yenye pembe na laini, majani yenye meno". Jina zima hilo! Mwaka 1753 Linnaeus alilifupisha kuwa Physalis angulata. Miller, mtu mwenye shingo ngumu, alichelewa sana kuukubali mtindo huo wa majina mawili. Aliutumia kikamilifu katika toleo la nane la kamusi yake ya bustani, mwaka 1768. Kwa hiyo mgeni wa Chelsea mwaka 1740 na mgeni wa mwaka 1780 walisimama mbele ya tuta moja wakasoma lugha mbili tofauti. Wanaosoma shajara za wageni wa zamani wakumbuke hilo. Mmea unaodhani hukutajwa pengine umetajwa kwa mstari mzima.

Na wa tatu ni wale waliokuja kwa kazi yao. Mfano bora ni Elizabeth Blackwell. Mumewe alikuwa gerezani kwa madeni. Akapanga nyumba karibu na bustani, akawa analetewa au anachukua mimea mibichi, anaichora, anachonga mabamba ya shaba mwenyewe, kisha anapaka rangi kwa mkono. Alitoa mabamba manne kwa wiki kwa wiki 125, jumla 500, kati ya mwaka 1737 na 1739. Ukiweza kufikiria kuchora, kuchonga na kupaka rangi mimea minne kila wiki bila kupumzika kwa zaidi ya miaka miwili, utaelewa kwa nini alihitaji kukaa jirani na lango. Ua lililokatwa asubuhi jioni limeshalala.

Tufike nyumba ya vioo, maana huko ndiko mgeni alikotaka kupelekwa. Kule ndani ungekutana na jamaa zetu: mkahawa, mkwaju, mbarika, na subiri, ile shubiri chungu ambayo jina lake la kitabu linatokana na kisiwa cha Sokotra. Na ungeona vinka, ua la rangi ya waridi lenye petali tano, lile ambalo leo linaota lenyewe kwenye nyua za Mombasa na Dar es Salaam bila mtu kulijali. Asili yake Madagaska. Miller alipata mbegu zake kutoka bustani ya mfalme wa Ufaransa mjini Paris, akaziotesha Chelsea kwa taabu kubwa. Katika karne ya 20 mmea huohuo ulitoa dawa mbili za saratani ya damu, lakini Miller alilipenda kwa uzuri tu.

Taabu hiyo ilikuwa ya namna gani? Nchi ina jalidi miezi kadhaa kwa mwaka, na mmea wa tropiki haudai hewa ya joto tu, unadai mizizi ya joto. Moto wa kuni au makaa unapasha hewa juu, chini chungu kinabaki baridi, na mizizi inaoza. Jibu walilolipata lilitoka katika viwanda vya ngozi. Ngozi ilitengenezwa kwa maganda ya mwaloni yaliyosagwa. Yakishamaliza kazi hutupwa. Maganda hayo yakirundikwa yakiwa na unyevu huchacha taratibu na kutoa joto la wastani kwa muda mrefu, tofauti na samadi ya farasi inayowaka kwa nguvu kisha ikapoa upesi.

Utaratibu wa Miller ni huu. Ndani ya nyumba ya vioo unajenga shimo lenye kina cha futi 3 hivi, karibu sentimita 90. Unaleta maganda mapya, yaliyotoka kiwandani siku si nyingi. Huyatii shimoni siku hiyo. Unayalundika mahali kwa wiki moja ili maji ya ziada yatiririke, kwa sababu yakiwa yamelowa sana hayachachi, yanakaa baridi kama tope. Kisha unajaza shimo na kuyashindilia kwa kiasi. Baada ya wiki mbili yanaanza kupata joto. Hapo ndipo vyungu huzikwa ndani hadi ukingoni. Joto linadumu kama miezi mitatu. Likianza kupungua unayachimbua, unayageuza, unaongeza mapya, na unapata miezi miwili au mitatu mingine.

Makosa ni mengi, na karibu yote ni ya haraka. Ukizika vyungu kabla joto halijatulia, mizizi inaungua, na mmea unaonekana mzima kwa siku kadhaa halafu unaanguka ghafla. Ndiyo maana fundi huchomeka fimbo ndani ya maganda, akaichomoa na kuishika: mkono ukishindwa kuivumilia, subiri. Maganda yaliyosagwa laini mno huwahi kupata moto na huwahi kufa. Halafu kuna ukuta wa nyuma, wenye mifereji ya moshi inayokwenda na kurudi ndani ya matofali, moto ukiwashwa kutoka kibanda cha nje. Chokaa ikipasuka mahali padogo tu, moshi unavujia ndani usiku, na asubuhi majani yote yamejikunja. Kazi ya nyumba hiyo ilikuwa ya usiku zaidi kuliko ya mchana. Mgeni aliyekuja saa nne asubuhi na kusifia mnanasi hakumwona kijana aliyeamka mara ngapi kuchochea jiko.

Nipite haraka kwenye vyuo vikuu. Oxford ndiyo kongwe, ya mwaka 1621, na ilipoanzishwa mizigo 4,000 ya samadi na taka ilimwagwa ili kuinua ardhi dhidi ya mafuriko ya mto Cherwell. Lango lake la mawe ni zuri kuliko sehemu kubwa ya kilichokuwa nyuma yake, kama mkiniruhusu kusema hivyo. Cambridge ilichelewa hadi mwaka 1762, ekari 5 katikati ya mji, zawadi ya Richard Walker wa chuo cha Trinity. Mtunzaji wake wa kwanza alikuwa Charles, mtoto wa Philip Miller. Kwa mgeni asiye mwanafunzi, zote mbili zilitegemea unamjua nani.

Kew, magharibi ya London, ni habari nyingine. Augusta, mamake mfalme George III, alianzisha bustani ya mimea hapo mwaka 1759, ekari 9 hivi, chini ya mtunzaji William Aiton. Mwaka 1761 ikajengwa nyumba kuu ya joto ya mimea yenye urefu wa futi 114, na mwaka uliofuata mnara wa Kichina wa ghorofa kumi. Chini ya George III watu waliruhusiwa kiangazi, bustani jirani ya Richmond Jumapili na Kew Alhamisi, mradi umevaa vizuri. Bure kabisa. Lakini angalieni ulichopewa: matembezi. Aliyetaka kipandikizi cha mmea mpya alikutana na Joseph Banks, mshauri wa mfalme, na Banks hakuachia kitu kirahisi. Francis Masson, mkusanya mimea, alitumwa Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1772 kwa ajili ya Kew, si kwa ajili ya mpita njia. Orodha ya mimea ya Kew iliyochapishwa mwaka 1789 ilihesabu aina 5,600 hivi. Uliruhusiwa kupita kando yake, basi.

Na sasa William Curtis. Yeye ni mtu wa Alton, alisomea utengenezaji wa dawa, na kuanzia mwaka 1773 hadi 1777 alikuwa mwalimu wa mimea palepale Chelsea. Alizijua adha za lango la ndani. Mwaka 1779 akafungua bustani yake Lambeth Marsh, kusini mwa Thames, akaiita London Botanic Garden, na akaiendesha kwa michango: kuanzia gini moja kwa mwaka, yaani shilingi 21, unaingia, unatazama mimea, unatumia na maktaba. Huulizwi barua. Huulizwi chama. Gini si fedha ya mtu wa kawaida, tusidanganyane, lakini swali la mlangoni lilikuwa limebadilika.

Na mpangilio wake ulibadilika kwa kuwa mgeni amebadilika. Orodha aliyoichapisha mwaka 1783 inagawa mimea kwa matumizi: mimea ya asili ya Uingereza, ya dawa, ya jikoni, na ya shambani. Mkulima mwenye gini yake alikwenda moja kwa moja kwenye majani ya malisho akalinganisha yapi yanachipua mapema; mpishi alikwenda upande wake. Curtis aliyachukulia majani ya malisho kwa uzito ambao wasomi wengi waliuona kituko.

Halafu lilizuka jambo la viwavi. Majira ya kuchipua ya mwaka 1782 nyua za miti kuzunguka London zilifunikwa na utando mweupe wa viwavi vya nondo mwenye mkia wa kahawia. Watu waliingiwa na hofu, wakasema ni dalili ya tauni na njaa. Parokia zikawalipa maskini shilingi moja kwa kila busheli, kipimo cha ujazo, ya utando, ukachomwa mbele ya wazee wa kanisa. Clapham peke yake zilikusanywa busheli 80 kwa siku moja. Curtis akatoa kijitabu kueleza kwamba nondo huyo ni mwenyeji wa siku zote, hula majani ya miti fulani, na nyasi na nafaka hawagusi. Hii ndiyo faida ya kuwa na bustani karibu na mji: mtu wa kuulizwa yupo.

Ukaribu huohuo ndio uliomwua kibiashara. Curtis mwenyewe aliyaandika malalamiko yake: moshi wa London uliofunika mimea muda wote, mahali palipojificha, barabara mbovu, na harufu ya mitaro iliyozunguka eneo. Moshi ndio ulikuwa adui mkubwa. Majira ya baridi kila nyumba inachoma makaa ya mawe, na miti mingi imeshapukutisha majani, haiumii. Wanaoumia ni wale wenye majani mwaka mzima na mimea midogo ya milimani: masizi yanakaa juu ya jani katika miezi ambayo mwanga tayari ni haba. Kuosha majani elfu kwa mkono hakuna atakayekulipia kwa gini moja. Mwaka 1789 akahamia Brompton, kwenye hewa safi zaidi.

Kilichomwokoa kifedha hakikuwa lango. Mwaka 1787 alianza jarida, shilingi moja kwa toleo, mabamba matatu ya maua ya bustanini yaliyopakwa rangi kwa mkono, na likauzwa nakala 3,000 hivi. Kitabu chake kikubwa kuhusu mimea ya porini ya London, alichokihangaikia kwa miaka, kiliuzwa mia tatu tu. Yeye mwenyewe alitania kwamba kimoja kilimletea sifa na kingine kilimletea chakula mezani. Watu wa nyumbani walitaka kuona ua la bustani za watu, si gugu la kando ya mtaro. Kwa shilingi moja bustani iliwafuata sebuleni, bila mashua wala matope.

Nimalizie kwa mmea mmoja wa Oxford, ambao Waingereza huuita Oxford ragwort. Unatoka miteremko ya Sicily, una ua la njano, na mwanzoni mwa karne ya 18 ulikuwa umetunzwa ndani ya ukuta ule wa futi 14. Ilipofika miaka ya 1790 ulikuwa unaota juu ya kuta za mji. Mbegu zake zina manyoya, zinapeperuka. Karne iliyofuata reli ikafika Oxford, na kokoto na majivu ya njia ya treni yakawa kama mawe ya kwao volkano ilikopita. Ukaifuata reli hadi karibu kila mji wa Uingereza. Ukishuka stesheni yoyote kule mwezi wa Juni, tazama kando ya reli.